Ili Jirani Asikie

Mizigo ya Mama Ng'ambo haikufunguliwa ndani hata siku moja. Ilifunguliwa kibarazani, mchana kweupe, kwa mkasi wa kuazima. Na mkasi wenyewe aliuazima kwa Mama Fundi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye alikuwa palepale kwenye cherehani akipinda sketi za shule za watoto wa watu.

"Shoga, hebu nipe huo mkasi."

Mkasi wake mwenyewe Mama Ng'ambo aliugawa zamani, pamoja na uzi na vifungo. Kuna wakati walishona pamoja, cherehani mbili kibaraza kimoja, wakigombania kivuli na kusengenya wateja. Mabinti zao wakasomea uuguzi chuo kimoja, wakavaa sare zilizokatwa kwenye kitambaa kimoja. Kisha binti wa huyu mwenye mizigo akaacha kazi hospitali ya serikali akaenda ng'ambo, na jina la mama yake likabadilika mtaani hata kabla ndege haijatua. Cherehani yake ilifunikwa kitambaa cha kufuma, ikawa meza ya maua ya plastiki.

Siku hiyo ndani ya boksi mlitoka kikaangio cheusi, kizito, kinang'aa.

"Ona, Mama Fundi. Hiki unakaanga yai bila tone la mafuta, na haligandi."

"Na yai lenyewe limo humohumo kwenye boksi?"

Mama Ng'ambo akacheka, kicheko cha mtu ambaye kikaangio ni chake. "Una maneno wewe!"

Mama Fundi naye akacheka, huku mguu ukikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Wivu hauna hodi, ndugu zangu. Hauji na sura mbaya ukaukimbia. Huingia kama mgeni unayemjua, unampisha kiti mwenyewe, na siku ukitaka kumtoa unakuta keshahamisha vitu vyako.

Nesi, binti wa Mama Fundi, alitokea kona ya barabara wakati boksi tupu bado limelala chini. Mtaa mzima ulimwita Nesi, hata baba yake. Alitembea polepole kwa sababu soli ya kiatu kimoja ilikuwa inafungua mdomo, na miguu ilikuwa imevimba kwa kusimama.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Pole na kazi," akajibu Mama Ng'ambo.

Kabla ya kuvua viatu, kabla hata ya kuomba maji, Nesi alifungua mkoba akatoa kipimo chake cha presha, kile cha kupampu kwa mkono. Akamfunga mama yake kitambaa kwenye mkono, akaweka vyuma vya kusikilizia masikioni, akatulia. Hivyo ndivyo alivyofanya kila alipotoka zamu.

"Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Mama."

"Nimekunywa nusu. Nusu nimeiweka ya kesho."

"Dawa si sabuni, mama, haikatwi vipande." Akamshika kidole gumba, akakibinyabinya, akacheka. "Haya, leo afadhali. Lakini chumvi umeila, usinidanganye."

Mama Ng'ambo aliwatazama, kikaangio mapajani. Macho yake yaliganda kwenye ule mkono uliofungwa, kisha akainuka ghafla akaingia ndani akafunga mlango. Mama Fundi aliona mlango ukifungwa, akasema moyoni: anatuona washamba.

"Mwenzako katuma kikaangio," akamwambia binti yake.

"Nimekiona."

"Wewe unaniletea kitambaa cha kunikaba mkono."

Nesi alivua kiatu kibovu, akakigonga kwenye nguzo, mchanga ukamwagika.

*

Wakati wa chai, baba mtu akiwa ameegemea ukuta na redio yake sikioni, Nesi alikuwa na la kusema. Alikuwa amebanwa na usingizi lakini macho yalimetameta.

"Metroni katuita leo. Wauguzi wote wa wodi ya wachanga. Tulidhani anakuja kutufokea, maana juzi wameondoka wengine wawili. Akageuza ndoo akaikalia, akasema, 'Wanangu, wodi inavuja kama pakacha. Kila nikimfundisha mtu akaiva, anachumwa. Leo sisemi mimi. Semeni nyinyi, nini kitawafanya mbaki?'"

"Mshahara!" akadakia Mama Fundi. "Mlisema mshahara?"

"Tulisema. Akasema huo hauko mkononi mwake, ataupigia kelele huko juu. Akauliza, kilicho mkononi mwangu ni kipi? Mama, watu walifunguka! Mmoja akasema kiti tu, kiti cha kukaa ukimlisha mtoto njiti kwa bomba. Mimi nikasema mawili. Kwanza zile nyumba za nyuma ya dobi, wanapofua mashuka ya hospitali, zilizojaa vitanda vibovu, zisafishwe wakae wauguzi, mtu akitoka zamu gizani asitembee roho mkononi. Pili, nesi mpya asiachiwe wodi peke yake. Ashikwe mkono."

"Ashikwe mkono vipi?" akauliza baba.

"Kama tunavyofanya mimi na Kidoti." Kidoti alikuwa nesi mdogo mwenye doa shavuni, aliyeanza kazi akilia chooni kila asubuhi. "Tukikabidhiana zamu hatusomi karatasi tukaagana mlangoni. Tunakwenda kitanda kwa kitanda. Anayetoka anamgusa mtoto, anasema huyu kala, huyu joto limepanda, huyu mama yake kakata tamaa, mpe maneno. Anayeingia naye anamgusa. Mkono juu ya mkono. Ndipo unaondoka. Tangu tuanze, Kidoti halii tena. Metroni kasema anataka wodi nzima ifanye hivyo, na anatafuta wa kuiongoza."

Baba mtu akazima redio, jambo ambalo hakulifanya hata mgeni alipoingia. "Hongera, Nesi. Hayo ni maneno ya mtu mzima."

"Wamewapa ndoo na maneno," akasema Mama Fundi, akikusanya vikombe kwa kishindo. "Wenzenu wanapewa ndege."

*

Metroni alikuja mwenyewe, kwa miguu, asubuhi moja Nesi akiwa amelala baada ya zamu ya usiku. Alikuwa mwanamke mnene wa sare nyeupe iliyofuliwa mpaka ikapauka, akijipangusa jasho kwa kiganja. Alikaribishwa kiti cha wateja. Hatua mbili kutoka pale, Mama Ng'ambo alikuwa kwenye kiti chake chenye mto, simu mkononi.

Mama Fundi akaleta maji. Metroni akayapokea kwa mikono miwili.

"Mama, nimekuja kwako kabla sijaenda kwake," akasema. "Nimekubaliwa. Nyumba ya nyuma ya dobi imepakwa rangi, vyumba viwili na maji ndani. Na wodi ya wachanga nataka aiongoze binti yako. Lakini mimi nimeshaumwa na nyoka. Niliwahi kumpa mtu wadhifa, wiki hazikupita akaondoka, na wakubwa wakanicheka. Nimejifunza kitu kimoja: muuguzi haondoki peke yake. Husukumwa na kwao. Ndiyo maana nakuuliza wewe, mzazi. Leo alasiri napeleka jibu. Je, mna nia abaki?"

Moyo wa Mama Fundi uliruka. Nawaambia ukweli, uliruka kwa furaha. Nyumba ya maji ndani! Mwanawe kiongozi! Aligeuka kabisa kwenda kumwamsha, mkono ukashika pazia.

"Hongera jamani," ikasema sauti kutoka kwenye kiti chenye mto. "Nyumba ya nyuma ya dobi. Angalau."

Mkono wa Mama Fundi ukabaki kwenye pazia.

"Vyumba viwili si haba," Mama Ng'ambo akaendelea, sauti laini kama sabuni. "Wangu ana chumba kizima cha kutundikia nguo zake tu. Lakini kila mtu na fungu lake. Angalau na yeye sasa atakuwa na pake."

Lile neno *angalau*, mara mbili, lilimwingia Mama Fundi kama sindano ya cherehani inavyoingia kidoleni: huoni damu, unasikia tu mwili mzima umesimama. Aliachia pazia. Akarudi. Akajinyoosha mgongo uliopinda kwa miaka ya kushona, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kumjibu mtu aliyekaa mbele yake:

"Asante sana, Metroni. Lakini mmechelewa. Mwanangu naye anaondoka. Keshapata kazi ng'ambo."

Metroni akashusha bilauri. "Mbona hakuniambia?"

"Angekuambiaje, mtoto ana haya. Anakuheshimu."

"Naweza kumsikia mwenyewe, mama? Neno moja tu."

"Amelala. Zamu zenu zimemmaliza."

Metroni alilitazama pazia kwa muda. Kisha akaweka bilauri chini, maji yakiwa vilevile, akashukuru, akaondoka akitembea kama aliyeongezewa mzigo. Hakuwa amefika kona, Mama Ng'ambo akatupa simu kwenye mto akasimama.

"Wewe! Kumbe! Na umeninyamazia!" Akaweka kiganja mdomoni akapiga kigelegele kilichopasua mtaa.

Furaha yake ilikuwa na chembe ya sumu na chembe ya ukweli, na mwenyewe asingeweza kukuambia ipi ilikuwa kubwa. Lakini kigelegele ni kigelegele. Muuza mkaa alikuja, mke wa kinyozi akaja na povu la nguo mikononi, wanawake wakajaa kibarazani wakimkumbatia Mama Fundi, naye akacheka na kusema "asanteni, asanteni," kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akiwa katikati ya duara.

Pazia likafunguka. Nesi alikuwa amejifunga shuka, alama ya mkeka shavuni.

"Nani kaolewa?"

"Wewe unaondoka, na unauliza!" akasema mke wa kinyozi. "Utukumbuke huko, Nesi. Mimi viatu navaa namba kubwa, usisahau."

Watu wakaangua kicheko. Nesi akamtafuta mama yake kati ya vichwa, akampata, na mama akainamisha macho kwenye cherehani. Hapo akaelewa. Alitabasamu, tabasamu lile analompa mzazi ambaye mtoto wake hatafika jioni, akarudi ndani.

*

"Nani kakupa ruhusa ya kunisafirisha?"

"Sema polepole, ukuta mwembamba."

"Mama, hata pasi ya kusafiria sina!"

"Alisema *angalau*!" Mama Fundi akanyoosha kidole ukutani. "Hukumsikia. Mara mbili. Angalau, kama vile anamtupia mbwa mfupa."

"Kwa hiyo umeuchukua mfupa wangu ukautupa mtaroni ili asiuone."

Baba mtu aliyekuwa anafunga kamba za viatu hakuinua kichwa. "Mke wangu, ulimi wako una miguu kuliko wewe. Sasa mkimbilie Metroni umwahi. Metroni kasema alasiri. Inuka, vaa, nenda kaseme ulikosea."

"Nitasema nini?"

"Sema ulikosea. Ni neno moja. Kule kudanganya ulitumia mengi."

Alikubali. Alilia kidogo, akanawa, akavaa gauni lake la kanisani la kijani. Nesi akavaa sare. Kitambo kile, wakiwa wanatoka mlangoni, mama alimshika mkono akasema, "Nisamehe, mwanangu, nitalitengeneza," na alikuwa na nia hiyo kwa moyo wote. Kama njia ya kwenda hospitali ingekuwa tupu, hadithi hii isingekuwepo.

"Mnakwenda kuaga?" Mama Ng'ambo alikuwa kibarazani, keshajipaka mafuta na kujifunga kilemba. "Siku kama hii sikuachi, shoga. Wewe ulinisindikiza mpaka getini siku wangu anaaga. Lete huo mkoba nikushikie."

Nani angesema usije?

*

Korido ya wodi ya wachanga ilinuka dawa ya kusafishia sakafu na maziwa. Wamama walikuwa wamejipanga ukutani, wengine wamekaa chini, vifua vimelowa, wakisubiri kuitwa kunyonyesha. Kwenye mlango wa kioo Kidoti alikuwa amesimama na mtoto kiganjani, mdogo kama mkate. Alipomwona Nesi akataka kusema kitu, akameza mate.

Metroni akatoka ofisini. Mkononi alishika ufunguo mmoja uliofungwa kipande cha bandeji. Alimwona Mama Fundi, na uso wake ukafunguka kidogo.

"Mama, umekuja. Nimekaa ofisini nikajiambia, pengine masikio yangu yamezeeka. Pengine pale kibarazani sikusikia vizuri." Alisema taratibu, akimtengea njia kama unavyomtengea mtu mzee kiti. "Nilisikia vizuri?"

Mama Fundi akafungua mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Kando yake, bega kwa bega, mkoba wa shoga yake ukiwa kwapani, Mama Ng'ambo akawageukia wamama wa ukutani.

"Msimbane jamani, mtoto kapata riziki yake. Ni jirani yangu huyu. Sasa tutakuwa wawili!"

Wamama wakamtazama Mama Fundi. Mmoja akasema "hongera mama," kwa sauti iliyochoka. Mwingine akauliza, "Anaondoka nani? Si huyu Nesi wetu?" na akaanza kumtafuta Kidoti kwa macho, kama mtu anayehesabu maji yaliyobaki mtungini.

"Ulisikia vizuri," akasema Mama Fundi.

Hata yeye alishtuka kusikia sauti yake. Akamgeukia binti yake haraka, macho yakimwomba: kanusha wewe. Sema wewe. Na Nesi angeweza. Ilihitaji maneno machache tu, *mama yangu amesema uongo*, hapo koridoni, mbele ya jirani, mbele ya Kidoti, mbele ya wale wamama ambao kila siku aliwafundisha kuwa mzazi ndiye dawa ya kwanza ya mtoto.

Alimtazama mama yake. Aliona gauni la kijani, na nywele zilizochanwa haraka, na mshipa wa shingoni ukipiga kwa kasi, presha ikipanda bila kipimo.

"Metroni," akasema, "naomba nikabidhi wodi vizuri kabla sijaenda."

Metroni akanyoosha mkono wenye ufunguo kuelekea mlango wa kioo. Kidoti hakuupokea. Alitikisa kichwa, machozi yakimtiririka juu ya lile doa, mpaka Nesi alipomwendea, akamchukua mtoto kiganjani mwake, akamwambia, "Pokea, mdogo wangu. Mkono wangu uko hapa."

*

Uongo ukishapigiwa vigelegele lazima ulishwe. "Hujaondoka tu, Nesi?" waliuliza dukani. "Ndege imepata pancha?" akauliza kinyozi. Wodini, alikobaki muuguzi wa kawaida, aliagizwa na Kidoti, msichana ambaye yeye ndiye aliyemfuta machozi chooni, naye alikuwa akimwagiza huku ameangalia chini, ikawa mbaya zaidi. Mama Fundi alikuta siku moja binti yake amesimama nyuma ya dobi, akitazama nguo za Kidoti zilizoanikwa kwenye kamba ya ile nyumba, akizitazama tu. Hapo alilitambua lile jicho. Lilikuwa lake mwenyewe.

Nesi akatafuta ng'ambo kweli. Akaipata. Siku ya kuondoka hapakuwa na kigelegele. Watu walikuwa wamekwisha kupiga. Alimpima mama yake kwa mara ya mwisho, akataka kumfundisha kutumia kile kipimo cha kupampu, lakini masikio ya Mama Fundi yalisikia mlio wa moyo wake tu, na baba mtu sikio lake lilikuwa la redio.

Kidoti aliongoza wodi peke yake, bila wa kumwekea mkono juu ya mkono, mpaka naye akachumwa. Nyumba ya nyuma ya dobi sasa ina vitanda vibovu tena.

*

Mzigo ukafika. Mama Fundi aliutoa kibarazani, akaukata kwa mkasi wake mwenyewe, mchana kweupe. Ndani mlikuwa na kipimo cha presha cha umeme, kile kinachojijaza chenyewe, na viatu vya mama vya kutembelea ndani.

"Lete nikufunge," akasema Mama Ng'ambo, akisogeza kiti. Akahangaika na kitambaa, akakifunga kinyume, akakifungua, akakifunga tena. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Katikati ya kuhangaika akasema, bila kuinua uso:

"Wangu sijamwona tangu aende. Kila mwaka ni mwaka kesho. Yule wako alikuwa anakuja na viatu vibovu, anakushika mkono kabla hata hajanywa maji. Nilikuwa naingia ndani nalia. Ndiyo maana mizigo nilikuwa naifungulia hapa nje, shoga. Nilitaka na wewe uwe na kitu cha kutazama."

Mama Fundi akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma, kitambaa kikaanza kuvimba kikimbana mkono, na namba zikaanza kupanda kwenye kioo.

"Hizo ni kubwa au ndogo?" akauliza Mama Ng'ambo.

"Sijui."

"Baba Nesi! Njoo usome."

"Mimi nesi?" ikajibu sauti kutoka ndani, kando ya redio.

Hospitalini foleni ilikuwa inaanzia getini siku hizi, na dirishani alikuwa anakaa mtu mmoja.

Mke wa kinyozi akapita na ndoo kichwani, bintiye wa chuo cha uuguzi nyuma yake, ndani ya sare mpya isiyo na mkunjo. Akasimama. Akalitazama boksi, akautazama mkono uliofungwa, na macho yake yakafanya kitu ambacho Mama Fundi alikijua toka mwanzo hadi mwisho.

"Jamani! Nawe umeanza kupokea mizigo! Ni kitu gani hicho?"

Mama Fundi akamtazama yule msichana. Mwambie, akajisemea. Mwambie amshike huyo, asimwachie. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akajinyoosha mgongo.

"Cha ng'ambo hiki," akasema, akiinua kifuniko cha boksi ili waone picha vizuri. "Hata kupampu hakihitaji."

Na kitambaa kikaendelea kumbana.